MAKTABA NA KAMUSI ELEZO YA INTANETI: KAZI MOJA, MIKONO MIWILI



Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya mbuzi wa maziwa, matangi ya maji, na jinsi mweka hazina anavyotakiwa kuandika daftari lake. Leo tunaleta jambo ambalo mwanzoni linaweza kuonekana ni la watu wa mjini. Ni urafiki kati ya maktaba na ile kamusi elezo ya intaneti inayoitwa Wikipedia. Msifunge gazeti bado. Jambo hili linahusu shamba lako, mto wako na historia ya kijiji chako.

Somo lina sehemu sita. Kikundi kinaweza kulisoma kwa mikutano miwili. Katibu asome kwa sauti, na kila sehemu ikiisha watu waulize maswali. Wale wasiojua kusoma wasikae nyuma, maana sehemu ya tano inawahusu kuliko wengine wote.

SEHEMU YA 1: KAMUSI ELEZO NI KITU GANI?

Kamusi ya kawaida inakuambia neno lina maana gani. Kamusi elezo inakueleza jambo lenyewe. Ukitafuta "mhogo" katika kamusi utaambiwa ni mmea wenye mizizi inayoliwa. Ukitafuta "mhogo" katika kamusi elezo utaelezwa ulitoka wapi, unapandwa vipi, una magonjwa gani, na kwa nini aina chungu ni hatari usipoutayarisha vizuri.

Zamani kamusi elezo ilikuwa vitabu vikubwa vilivyojaza rafu nzima, na bei yake haikuwa ya mtu wa kijijini. Shule yenye bahati ilikuwa nayo, imefungiwa kabatini, na ufunguo alikuwa nao mwalimu mkuu.

Wikipedia ilianza tarehe 15 Januari 2001 huko Marekani. Walioianzisha ni Jimmy Wales na Larry Sanger. Tofauti yake na vile vitabu ni kwamba haiandikwi na wataalamu wachache wanaolipwa. Mtu yeyote anaweza kuisoma bure, na mtu yeyote anaweza kuiandika na kuisahihisha. Ebu fikirini harambee ya kujenga darasa: mmoja analeta mawe, mwingine mchanga, mwingine anabeba maji, na wote watoto wao wanasomea humo. Ndivyo kamusi elezo hii inavyojengwa. Kazi ya kuitunza iko chini ya shirika lisilotafuta faida, Wikimedia Foundation, lililoundwa mwaka 2003 na kuishi kwa michango ya watu.

Leo kuna Wikipedia za lugha zaidi ya 300. Ile ya Kiingereza ina makala zaidi ya milioni 6. Ya Kiswahili ilianza mwaka 2003, na imepita makala 70,000. Kazi hiyo imefanywa na watu wa kujitolea, na wengi wao hawajulikani.

Ziko sheria, na tatu ni kubwa. Ya kwanza, mwandishi asiegemee upande. Ya pili, asilete mawazo au utafiti wake mwenyewe ambao haujachapishwa mahali popote. Ya tatu, na ndiyo tutakayoshikilia katika somo hili, jambo lolote ambalo mtu anaweza kulipinga lazima liwe na chanzo: kitabu, gazeti au ripoti ambayo mtu mwingine anaweza kwenda kuitafuta akajionea.

SEHEMU YA 2: UDHAIFU WAKE UKO WAPI?

Mtu atauliza, sasa kama kila mtu anaandika, uongo hautaingia? Utaingia. Umeshaingia mara nyingi.

Mwaka 2005, mwandishi wa habari Mmarekani aliyeheshimika, John Seigenthaler, aligundua kwamba makala iliyomhusu ilisema ati aliwahi kushukiwa katika mauaji ya Rais John F. Kennedy. Ulikuwa uongo mtupu. Aliyeuandika alisema baadaye kwamba alikuwa akifanya mzaha. Lakini mzaha huo ulikaa pale zaidi ya miezi minne bila mtu kuuondoa. Baada ya hayo, Wikipedia ya Kiingereza iliweka sheria kwamba mtu asiyejiandikisha haruhusiwi kuanzisha makala mpya.

Kisa cha pili kinatuhusu zaidi. Kule Scotland kuna lugha inayoitwa Kiskoti, nayo ina Wikipedia yake. Mwaka 2020 ilijulikana kwamba makala zaidi ya 20,000 kati ya makala za lugha hiyo ziliandikwa na kijana mmoja wa Marekani ambaye hakuijua lugha yenyewe. Alikuwa akichukua Kiingereza na kukipindapinda. Hakuwa na nia mbaya. Alianza akiwa bado mtoto na alidhani anasaidia. Kazi hiyo iliendelea kwa miaka mingi.

Hapa tujiulize: wenye lugha walikuwa wapi miaka yote hiyo? Wachache walipita wakaona, lakini hawakuwa wa kutosha kuilinda nyumba yao. Nyumba isiyo na mwenyewe hukaliwa na yeyote apitaye. Na ikiwa sisi hatutaandika juu ya mto wetu na soko letu, ataandika mtu ambaye hajawahi kufika.

Hata hivyo tusiitupe Wikipedia yote kwa sababu ya makosa. Mwaka huohuo wa 2005, gazeti la kisayansi la Nature liliwapa wataalamu makala 42 za sayansi kutoka Wikipedia, na nyingine za mambo yaleyale kutoka Britannica, kamusi elezo maarufu ya siku nyingi. Walipata wastani wa makosa kama 4 kwa kila makala ya Wikipedia, na kama 3 kwa kila makala ya Britannica. Wenye Britannica walipinga hesabu hiyo vikali. Lakini sisi tunajifunza kwamba hakuna kitabu cha binadamu kisichokuwa na kosa. Dawa si kuacha kusoma. Dawa ni kuuliza, "Umejuaje?"

SEHEMU YA 3: MAKTABA INA NINI?

Hapo ndipo maktaba inapoingia. Maktaba ina vitu vitatu ambavyo Wikipedia haina.

Ina vitabu na magazeti yaliyochapishwa, yenye jina la mwandishi na mwaka, na yanayokaa pale pale. Ukirudi mwakani ukurasa ni uleule.

Ina mkutubi, yaani mtu aliyesomea kazi ya kutafuta habari na kupima ipi ni ya kuaminika. Wengi wetu tunadhani mkutubi ni mtu wa kupiga mhuri na kusema "nyamazeni". Sivyo. Kazi yake kubwa ni kukusaidia kupata jibu.

Tena ina chumba, meza, taa, na pengine kompyuta yenye intaneti, ambapo mtu maskini na mtu tajiri wanakaa kiti sawa.

Lakini maktaba nayo ina udhaifu. Vitabu vinazeeka. Ukichukua kitabu cha mahindi kilichochapishwa mwaka 1985, hutapata neno juu ya ule ugonjwa ambao wakulima wanauita MLN, unaokausha mahindi kuanzia majani hadi gunzi. Sio kosa la kitabu. Ugonjwa huo uliripotiwa Kenya kwa mara ya kwanza mwaka 2011, huko Bomet. Kamusi elezo ya intaneti inaweza kuongezewa habari kama hiyo siku hiyo hiyo. Kitabu kinangoja kuchapishwa upya, na pengine kisichapishwe kamwe.

Kwa hiyo mmoja ana upesi, mwingine ana uthibitisho. Wakitengana, kila mmoja anachechemea.

Tuchukue mfano. Tuseme mtu ameandika hivi: "Mahindi yenye ukungu yaliua watu wengi Ukambani." Mwingine akisoma atasema, hizo ni hadithi za watu. Sasa tuseme mtu wa pili ameenda maktaba, akapata ripoti za madaktari, akaandika: "Mwaka 2004, sumu ya aflatoxin katika mahindi iliwapata watu 317 mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, na 125 kati yao walikufa." Halafu akaonyesha ripoti hiyo. Je, ni sentensi gani itakayomfanya mzee anunue turubai la kuanikia mahindi badala ya kuyamwaga chini? Tofauti kati ya sentensi hizo mbili ni safari moja ya kwenda maktaba. Na safari kama hiyo inaweza kuokoa maisha.

SEHEMU YA 4: WENZETU WAMEFANYA NINI?

Wales ni nchi ndogo magharibi mwa Uingereza. Watu wake wana lugha yao, Kiwelshi. Katika sensa ya mwaka 2021, watu wapatao 538,000 walisema wanaijua. Miaka ya 1800, katika shule nyingi za huko, mtoto aliyesikika akiongea Kiwelshi alivishwa kipande cha ubao shingoni, na mwisho wa siku aliyebaki nacho aliadhibiwa. Wasomaji wetu wengi wanaelewa bila kuelezwa zaidi, maanake hata sisi tulivishwa diski shuleni kwa kusema lugha ya mama.

Maktaba ya Taifa ya Wales iko katika mji wa Aberystwyth, na iliundwa mwaka 1907. Mwanzoni mwa mwaka 2015, maktaba hiyo ikishirikiana na chama cha Wikimedia cha Uingereza ilimchukua mfanyakazi, Jason Evans, kazi yake ikiwa kuunganisha maktaba na Wikipedia. Ilikusudiwa iwe kazi ya muda. Mwaka 2017 maktaba iliifanya kuwa kazi ya kudumu.

Walifanya nini? Kwanza, walifungua makabati. Maelfu ya picha na ramani za zamani ambazo zilikwisha kupita muda wa hakimiliki ziliwekwa katika ghala la bure la picha za Wikipedia, mtu yeyote azitumie. Picha iliyokuwa ikilala gizani sasa inaonekana na mwalimu aliye kijijini na mjukuu aliye ng'ambo. Pili, waliwaita watu wa kawaida, wafanyakazi wa maktaba na wanafunzi, wakakaa pamoja siku nzima wakifundishwa kuandika makala na kuweka vyanzo. Tatu, kulikuwa na mradi wa kuandika makala za afya kwa Kiwelshi, ili mgonjwa asome juu ya ugonjwa wake kwa lugha aliyonyonya.

Leo Wikipedia ya Kiwelshi ina makala nyingi kuliko ya Kiswahili, ingawa sisi tunaosema Kiswahili ni makumi ya mamilioni. Ni kweli wingi wa makala si kila kitu. Makala kumi nzuri zinashinda mia zisizo na kichwa wala miguu. Lakini inaonyesha kwamba udogo si kizuizi.

Wenzetu wengine ni wakutubi wenyewe. Januari 2016, Wikipedia ilipotimiza miaka 15, ilianzishwa kampeni ambayo kwa Kiswahili tunaweza kuiita "Mkutubi Mmoja, Rejeo Moja". Wazo lake ni rahisi: kila mkutubi duniani aongeze chanzo kimoja tu mahali ambapo Wikipedia inasema jambo bila uthibitisho. Kimoja tu. Kampeni hiyo imerudiwa kila mwaka tangu hapo. Haba na haba hujaza kibaba.

Afrika haikubaki nyuma. Kuna umoja wa vyama na taasisi za maktaba za Afrika unaoitwa AfLIA, wenye makao yake Accra, Ghana. Mei 2020, wakati corona imefunga milango ya maktaba nyingi, umoja huo uliita Wiki ya Wakutubi wa Afrika, na wakutubi wa nchi mbalimbali wakaongeza vyanzo katika makala zinazohusu Afrika. Mwaka 2021 ukafuata mpango wa mafunzo ya kuwafundisha wakutubi wa Afrika kazi ya Wikipedia.

SEHEMU YA 5: NA KWETU JE?

Shirika la Huduma za Maktaba la Kenya liliundwa kwa sheria ya mwaka 1965, likaanza kazi mwaka 1967. Mwaka 1996 shirika hilo lilianzisha maktaba ya ngamia huko Garissa, ngamia wakibebeshwa masanduku ya vitabu na hema kuwafuata wafugaji na watoto wa shule mbali na barabara. Katiba ya mwaka 2010 iliziweka maktaba kati ya kazi za kaunti. Kwa hiyo kikundi kinachotaka huduma ya maktaba kisiangalie Nairobi peke yake. Kiulize pia kaunti yake, kama kinavyouliza juu ya barabara na zahanati.

Wengi watasema, kijijini kwetu intaneti haishiki, na bando ni ghali. Ni kweli. Lakini kuna programu ya bure inayoitwa Kiwix, iliyoanza mwaka 2007. Kazi yake ni kuichukua Wikipedia nzima na kuiweka ndani ya simu, kompyuta au memori kadi, isomwe bila intaneti. Ile ya Kiswahili si kubwa. Simu ya kawaida ya intaneti yenye nafasi inaibeba. Mtu mmoja akiichukua mjini mahali penye intaneti nzuri, anaweza kurudi nayo na kuwagawia wengine kama mbegu. Shule ina kompyuta moja na sola? Inatosha. Kumbukeni tu kwamba nakala hiyo ni ya siku ilipochukuliwa. Habari mpya haziingii mpaka uichukue tena.

Sasa tufike kwa wazee wetu.

Tumesema Wikipedia inataka chanzo kilichochapishwa. Lakini elimu yetu nyingi haijachapishwa. Iko vichwani mwa wazee. Ni nani aliyelipa lile soko jina lake? Mto ulikuwa ukipita wapi kabla ya bwawa? Mtama ule mwekundu uliovumilia jua ulikwenda wapi? Mzee akisema, sisi tunamwamini, maana tunamjua. Wikipedia haimjui. Mwaka 2011 ilitengenezwa filamu iitwayo People are Knowledge, iliyochukuliwa India na Afrika Kusini, ambamo watu walijaribu kutumia sauti za wenyeji zilizorekodiwa kuwa vyanzo vya makala. Mjadala ulikuwa mkali. Mpaka leo sheria ya vyanzo vilivyochapishwa ndiyo inayotawala.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mali ya mzee ni yale anayoyajua. Tukimzika bila kuandika, tumezika maktaba.

Hapo tena maktaba ni daraja. Kikundi kinaweza kurekodi wazee kwa simu, kuandika walichosema pamoja na jina la msemaji, mahali na tarehe, halafu kuuliza maktaba ya karibu kama itakubali kutunza nakala. Tuseme ukweli: kijitabu mlichokichapisha wenyewe peke yake kinaweza kukataliwa na wahariri wa Wikipedia, kwa sababu hakuna aliyekipima. Kitapata nguvu kikitumiwa na mwalimu wa chuo kikuu, na jumba la makumbusho, na gazeti au na mchapishaji anayejulikana. Lakini hata kabla ya hapo, tayari mmeokoa mali. Kijitabu kilicho maktabani kinaweza kusubiri miaka thelathini mpaka apatikane wa kukisoma. Mzee hawezi kusubiri.

Onyo kubwa linafuata hapa, na katibu alisome mara mbili. Kinachowekwa Wikipedia kinatolewa kwa leseni inayomruhusu mtu yeyote kukinakili, hata kwa biashara, mradi ataje kilikotoka na aruhusu wengine kufanya vivyo hivyo. Huwezi kukirudisha. Kenya ina sheria ya mwaka 2016 ya kulinda elimu ya jadi na sanaa za jadi, inayotambua kwamba elimu hiyo ni ya jamii na kwamba mtu asiitumie bila idhini yao. Kwa hiyo kabla ya kuandika, gawanyeni mambo katika vikapu vitatu:

Kikapu cha kwanza: mambo ya wote. Majina ya mito na milima, historia ya shule na soko, jinsi ya kupika chakula cha kwetu. Haya yaandikwe bila wasiwasi.

Kikapu cha pili: mambo ya kuuliza kwanza. Historia ya ukoo, nyimbo za sherehe, mahali pa makaburi, ugomvi wa mashamba. Ulizeni wenyewe.

Kikapu cha tatu: mambo ya kutotoa. Siri za jando, na dawa za miti ambazo kampuni inaweza kuzichukua ikatajirika na nyinyi mkabaki na mti uliochunwa gome. Haya yakae kwa wenyewe.

Uamuzi wa vikapu si wa kijana mwenye simu peke yake. Ni wa wazee, akina mama na vijana wakikaa pamoja.

SEHEMU YA 6: KIKUNDI KIANZE VIPI?

1. Chagueni watu watatu: kijana anayejua simu, mtu mzima anayejua historia ya mahali, na katibu. Wasiwe wote wa boma moja.

2. Waende maktaba iliyo karibu, au kwa mwalimu anayesimamia vitabu vya shule. Wamwulize mkutubi maswali haya: Mna vitabu gani juu ya wilaya yetu ya zamani? Mna magazeti ya miaka iliyopita? Mnaweza kutupa saa mbili za meza na intaneti kila mwezi? Mmesikia juu ya mafunzo ya Wikipedia kwa wakutubi? Nauli ya safari hii ipitishwe mkutanoni, iandikwe.

3. Chagueni jambo moja dogo. Si historia ya kabila zima. Mto mmoja, zao moja, soko moja. Tafuteni Wikipedia ya Kiswahili inasema nini juu yake. Mnaweza kukuta mistari miwili tu, au hakuna kitu, au kosa.

4. Tafuteni chanzo. Mkikipata, andikeni katika daftari jina la mwandishi, jina la kitabu, mwaka, mchapishaji na ukurasa. Bila ukurasa mtawasumbua wengine.

5. Ongezeni sentensi moja kwa maneno yenu wenyewe, na mweke chanzo chake. Msinakili kitabu neno kwa neno. Huo ni wizi wa jasho la mwandishi, na wahariri wataufuta.

6. Mwezi unaofuata rudini mkaangalie. Kila makala ina ukurasa wa historia unaoonyesha nani alibadilisha nini na siku gani. Kama sentensi yenu imefutwa, msikasirike. Someni sababu, mjibu kwa adabu katika ukurasa wa majadiliano, mlete chanzo bora.

Na haya myaepuke. Msiandike makala ya kusifu kikundi chenu au mheshimiwa wenu; kamusi elezo si tangazo. Msiweke namba za simu wala mambo ya nyumbani ya mtu. Msiweke picha ya mtu mwingine bila ruhusa ya aliyeipiga. Na mtu akija kusema ati mlipe ada ndipo muingizwe Wikipedia, mwoneni kama mnavyomwona wakala wa mbolea asiye na duka. Kuandika Wikipedia hakuna ada.

Neno la mwisho juu ya afya. Someni juu ya malaria, kisukari na shinikizo la damu, ili mjue la kumwuliza daktari. Lakini dawa haitoki kwenye simu. Mgonjwa apelekwe zahanati.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Ni habari gani iliyowahi kutupotosha hapa kijijini? Tungeuliza nani "Umejuaje?"
2. Maktaba ya karibu iko umbali gani? Ni nani kati yetu amewahi kuingia, na alipokelewaje?
3. Wazee gani watatu tungependa kuwarekodi kabla ya mavuno yajayo? Tuwaulize nini?
4. Tutajeni mambo mawili ya kila kikapu. Je, tunakubaliana sote? Akina mama wamesema nini?
5. Kama mtu wa mbali angeandika juu ya kijiji chetu leo, angekosea wapi?
6. Ni sentensi gani moja ambayo kikundi chetu kinaweza kuithibitisha kabla ya mwisho wa mwaka?

Vikundi vingi vilianza na shilingi chache kwenye kopo, na leo vina tangi la maji. Elimu nayo huwekwa akiba vivyo hivyo. Sentensi moja yenye chanzo, kijitabu kimoja maktabani, mzee mmoja aliyerekodiwa. Kikundi kitakachojaribu hatua hizi, katibu wake atuandikie jinsi ilivyokwenda, mazuri na magumu, ili vikundi vingine vijifunze.